Shikamoo ya Dirisha la Kulia

Mama mkwe wangu aliniamkia shikamoo kabla hajawa mama mkwe wangu, nami nikaitikia marahaba. Posa yangu nusura ifie hapo.

Nilikuwa nimesimamisha lori nje ya nyumba yao, karibu na Mbozi Mission, mchumba wangu kakaa kushoto kwangu. Mama yake akaja dirisha la kulia, akaona shavu, akainama kwa heshima. Ulimi wangu, uliozoea kuamkiwa kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, ukajibu wenyewe. Niliposhuka akaniona uso mzima, akageuka akarudi ndani. Baadaye alimwambia binti yake kwamba hamwozi kwa mtu wa rika la mama yake. Kama nataka kurudi, nirudi kahawa ikiiva shambani, pengine nitakuwa nimeamua nina umri gani.

Umri ninao: arobaini na mbili, nimeuhesabu mara mbili. Tatizo lilikuwa jua la dirishani. Miaka yote ya usukani iliniachia uso wa watu wawili, kushoto kaka, kulia babu. Wauza karanga waliokuja kushoto waliniambia "niaje braza", wa kulia wakaniamkia. Ng'ambo ya mpaka kule Nakonde ndiyo kabisa, niliitwa bashikulu, ubabu mtupu bila hata mjukuu mmoja.

Mchumba wangu, muuza parachichi wa Vwawa, hakucheka. Alisema ananitaka, ila hataingia kanisani mama yake akiwa amenuna.

Nikaenda duka la vipodozi Tunduma, kwa dada mmoja wa Kitanga. Niliogopa mkorogo, maana nimeona watu waliokwenda kutafuta ujana wakarudi na uso mwekundu na vidole vyeusi. Akanipa losheni ya kukinga jua na kulainisha ngozi. Alisema haichubui, nipake kila asubuhi, na miujiza nikaitafute kwingine. Nikamwambia kwa kuwa napaka shavu moja tu, bei nayo iwe nusu.

"Kaka yangu," akasema, akinitazama kichwani, "kinyozi anakupunguzia kwa huo upara?"

Nikalipa yote.

Lakini dawa siiamini kwa mdomo wa muuzaji. Mkono wangu wa kulia nao hushinda dirishani, shati limekunjwa. Nikaamua kuupaka kutoka kwenye kiwiko hadi katikati, na kutoka hapo hadi kwenye saa nisiguse. Jua moja, barabara moja, dereva mmoja. Wenzangu walisema bwana harusi kageuka bibi harusi. Sikubishana nao, maana ubishi nao hukunja uso.

Kwa muda mrefu sikuona kitu, nikaanza kupanga maneno ya kumrudia yule dada. Kisha asubuhi moja kwenye foleni nikautazama mkono, na mpaka ulikuwa umejichora: juu laini, chini gome la mti. Nikashinda pale nikihesabu salamu za dirisha la kulia. Shikamoo zilikuwa zimepungua. Safari iliyofuata nikahesabu tena, maana hesabu moja ni uvumi. Zilikuwa zimepungua kweli. Sidanganyi, mikunjo haikuisha. Ipo mitatu karibu na jicho, mibishi kama madalali. Lakini babu alikuwa anafungasha.

Kahawa ilipoiva tukarudi. Nikasimama palepale, nikashusha kioo, nikatulia kitini. Najua ni utovu wa adabu kumsubiri mama mkwe garini, ila jaribio lina masharti yake. Mama naye hakuwa mjinga. Akalizunguka lori kwa makusudi hadi dirisha lilelile, akanikagua shavu kama afisa wa forodha anayenusa mzigo uliofichwa. Mchumba wangu alikuwa ameketi kando yangu kama siku ile.

Mama akaniruka, akamwuliza binti yake, "Yule mzee wa siku ile umemwacha wapi?"

"Amebaki Tunduma, mama."

Nikafungua mlango, nikashuka, nikainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Si umeshaniamkia?"

"Hiyo ya pili ni yako, mama. Ulinipa siku ile kwa makosa, nairudisha."

Akaipokea nayo, akacheka mpaka akashika kioo cha pembeni cha lori langu. Kisha akatuambia tuingie ndani, wajomba wanasubiri posa na chai inapoa.