Mkasi Uliokata Taa za Krismasi

Nazichukia taa za Krismasi, na siombi radhi. Anayezipenda azipende kwake. Mimi nilikaa nazo miaka minne mlangoni, kwenye ploti moja ya kupangisha, ya ghorofa tatu, huko Gatina jijini, ambako mwenye ploti alizipenda kwa niaba yetu sote.

Desemba ikiingia tu, mama huyo alipanda ngazi mwenyewe, na mgongo wake ule wa kulalamikiwa mwaka mzima, akazifunga kwenye vyuma vya veranda kutoka juu mpaka chini. Habari za Yesu hakuwa nazo. Aliyekuwa akishindana naye ni mwenye ploti ya ng'ambo ya barabara, aliyesimamisha nyota kubwa juu ya tangi la maji. Yule akiongeza waya mmoja, wetu anaongeza miwili. Sisi wapangaji tulikuwa nyasi tu, tukiumia. Tena wengi wetu tulitoka magharibi mwa nchi, na wiki ya Krismasi tulikuwa tumeshakwenda makwetu, kwa hivyo taa zilipopendeza kabisa hakukuwa na wa kuzitazama.

Ugomvi wangu nazo ulikuwa stima. Zilivuta umeme kwenye laini ya vyumba vya chini, na chumba changu kilikuwa cha chini. Saa kumi na mbili jioni zikiwashwa, cherehani yangu ya umeme inaanza kukoroma, pasi inapoa, na nikikazana kidogo swichi kubwa inaruka na ploti nzima inazima. Halafu majirani wananiuliza mimi ninapika nini humo ndani. Mchana nilimshonea mwenye duka kule Kabiro. Jioni tu ndiyo ilikuwa yangu.

Na mwaka mmoja jioni zangu zilikuwa na kazi moja. Binti yangu wa miaka saba alilelewa na mama yangu kijijini, na hatukuwa tumeonana tangu Pasaka. Kila Krismasi nilimpelekea gauni nililoshona mwenyewe. Ndilo alilovaa kanisani, na ndilo lililowaambia watu kwamba mtoto huyu ana mama. Safari hii nilikuwa nimepata gauni la harusi la mitumba pale Soko la Toi, satini nzito, na doa moja tu kifuani. Nikalifumua lote ili nilishone upya kwa kimo chake.

Siku mbili kabla ya safari nilimwendea mwenye ploti nikamwomba azime taa jioni mbili tu. Nilimwomba kwa upole, Mungu ni shahidi. Hakuacha hata kuchambua maharagwe yake.

"Krismasi ni mara moja kwa mwaka, mama," akasema. "Wewe unashona kila siku."

Jibu la kumchoma lilinijia nikiwa nimesharudi chumbani, kama kawaida yangu. Jioni ya pili swichi iliruka mara tatu. Basi langu lilikuwa la asubuhi na gauni halikuwa na sketi. Plagi ya zile taa ilikuwa ndani ya stoo yake, na stoo ina kufuli. Lakini waya ulipita juu ya mlango wangu. Nikapanda stuli na kilichokuwa mkononi, nikakata.

Kilichokuwa mkononi ni mkasi wangu wa kitambaa.

Fundi akisikia hivyo atashika kichwa. Mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine, hata karatasi. Mama yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushona, aliwahi kunichapa kwa sababu ya bahasha. Cheche iliruka, giza likaingia, jirani akaenda kurudisha swichi, na cherehani ikaimba kama siku niliyoinunua. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi. Kisha nikaanza kukata sketi, na mkasi ukaing'ata satini. Stima ilikuwa imechoma pengo kwenye makali, na kila nilipofunga mkasi ulichana palepale. Nao mkasi wa kuazima hakuna, Desemba fundi hamwazimi hata ndugu yake. Nikafunika michano kwa utepe, nikashona nikilia kwa hasira, na hasira yote nilimpa yule mama.

Asubuhi nilipotoka na begi, taa zilikuwa zimeshaungwa. Fundo la tepu nyeusi lilining'inia juu ya mlango wangu, liko wazi kila apitaye alione. Mwenye ploti alisimama getini. Nikampita mbio kuwahi basi.

Siku ya Krismasi binti yangu alirudi kutoka kanisani, akawa anazungusha sketi yake uani. Mama yangu akamsimamisha, akapitisha kidole juu ya utepe.

"Mkasi wako umekula nini?" akaniuliza.

Huyo sikuweza kumdanganya. Nikamwambia umekula taa za Krismasi. Alinitazama, akaenda zake jikoni, lakini mtoto hakuniacha. Taa gani hizo? Kanisani kwao walipamba kwa baluni na matawi ya mti, taa hizo hajawahi kuziona. Ikabidi nimweleze. Nikamwambia ni nyekundu, na kijani, na buluu, zinawaka na kuzima ghorofa tatu nzima, na ng'ambo kuna nyota juu ya tangi. Nilijisikia nikizisifu, mimi ninayezichukia.

Alisikiliza ameishika sketi kwa mikono miwili.

"Sasa mbona ulizikata?"

Nikamwambia aende akabadilishe nguo kabla hajaichafua.