Maji ya Mvua kwa Upande wa Pili

Sikuwa na mpango wa kujifunza kuosha santuri. Nilikuwa na hasira tu, na hasira zangu huwa zinatoa ahadi kabla sijaulizwa.

Nauza mapazia ya mitumba mtaa wa Kwa Mrombo, kwenye baraza la fundi cherehani mmoja, mzee wa Kimeru. Nilipofukuzwa barabarani na robota langu kichwani, ni yeye aliyesogeza cherehani yake akaniambia weka hapo. Tangu siku ile, anayemgusa mzee amenigusa mimi.

Mzee ana hadithi moja. Ujanani alipiga gitaa la pili kwenye bendi ya dansi, na bendi ikarekodi santuri. Upande wa kwanza wanaimba taratibu. Upande wa pili ni chemko, magitaa yanakimbia, na mwimbaji anawaita wapigaji kwa majina ya utani. Lake limo, na kila mara hulitamka. Anaihadithia huku anapinda suruali, hata macho hainui, na mtaani hakuna aliyemwamini. Aliyezidi ni chalii mmoja wa bodaboda, kijiwe chake kiko mbele yetu. Siku moja akasema, "Mzee, kama wewe ulipiga gitaa, basi na mimi niliwahi kurusha ndege."

Wenzake wakacheka. Mzee naye akacheka, akaendelea kushona. Ni mimi niliyewaka. Nikamwambia chalii Jumapili baada ya ibada aje na watu wake wote, santuri ataisikia hapa hapa barazani, na akishaisikia afunge domo lake hadi Krismasi.

Walipoondoka, mzee akaacha kukanyaga cherehani. "Binti yangu, kuitwa mwongo nimeshazoea. Sasa ikigoma kulia, itakuwa imethibitishwa."

Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Santuri yenyewe ilikuwa kwa dada yake, huko juu karibu na Momela, na mara ya mwisho kuisikia mzee hata haikumbuki. Kesho yake nikapanda. Bibi huyo, nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alipanda ngazi ya dari la jikoni, pale juu ya moto anapohifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, akashuka nayo imefungwa kwenye kipande cha kanga. Alikuwa ameitunza kama mbegu. Masizi yenye mafuta yalikuwa yameishika hadi mistari huioni.

Mashine ya kuchezea santuri ninayo, niliinunua mbovu sokoni nikaifufua mwenyewe kwa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Kuosha nikajifunzia kwenye simu. Wale wa kwenye video wana mashine za kunyonya maji na vichupa vya dawa ghali. Mimi nilikuwa na sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa mtoto, na fulana ya pamba iliyochakaa. Karatasi ya katikati niliifunika kwa mfuniko wa kopo isilowe. Matone mawili ya sabuni, basi, halafu unasugua kwa kuifuata mistari, usiikate. Maji yalitoka meusi. Nikaisuuza bombani, nikaianika kivulini, upande wa pili ukiwa juu. Iling'aa hadi nikajiona.

Tukaijaribu. Upande wa kwanza ukalia, na mikwaruzo yake. Upande wa pili ulikuwa mafuta ya chapati yanachemka. Gitaa lilikuwa mbali huko ndani, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto uliojaa. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaona ukungu mweupe umekaa ndani ya mistari. Nililaumu moshi, nikamlaumu bibi wa watu, nikalaumu sabuni. Nikasema nimeiua.

Mzee alichukua birika la chai, akalifungua, akaniinamishia nione. Ndani kulikuwa na gamba jeupe, lile ambalo kila birika la kwetu linalo na hakuna anayeliona tena.

"Maji haya yamepaka birika, yamepaka na meno yako," akasema. "Santuri nayo ni nani hata yaiache?"

Angekuwa mtu mwingine amenitajia meno, angenikoma. Yana ile rangi ya kahawia tuliyoinywa kwenye maji utotoni, na darasa la tano nilimpiga mtu kibao kwa ajili yake. Lakini mzee aliyataja huku ananionyesha ya kwake, rangi ile ile, nikaishia kucheka.

Basi dawa ikawa maji ya mvua. Ilikuwa Jumatano, mawingu yamekaa juu ya Meru kama yamegoma. Kila nusu saa nilitoka kuukagua mlima, na wateja wa mapazia niliwajibu vibaya. Ijumaa mchana ikanyesha. Nikakimbilia sufuria, mzee akanizuia: ya kwanza inaosha vumbi la bati, ngoja. Ya Jumamosi asubuhi ndiyo tuliyokinga, tukaichuja kwa kitambaa. Nikatia siki kidogo, nikaupaka upande wa pili, nikasubiri, nikasugua taratibu, nikasuuza mara tatu kwa maji ya mvua matupu. Ukungu ukaondoka. Sikuijaribu. Niliogopa.

Jumapili wakaja, chalii mbele, wengine bado wameshika Biblia. Nikashusha sindano. Mikwaruzo ilikuwepo, sitadanganya, lakini magitaa sasa yalikuwa mbele yake, yanakimbia. Mwimbaji akaanza kuita. Wa tumba. Wa besi. Halafu jina la mzee, na pale pale pakawa na kovu ambalo hakuna mswaki unaoliponya. Nusu ya jina ikasikika, nusu ikaliwa.

Chalii akasema nusu jina hata yeye analo. Nilishasimama, mzee akaniwekea mkono begani. Mkono mwingine aliuinua, kidole juu, masikio bado kwenye santuri.

"Sasa hapa nakosea," akasema. "Nimefurahi kuitwa, naingia kabla ya zamu yangu."

Na kweli gitaa la pili likaingia kabla ya zamu yake, likajikwaa, likanyamaza, likarudi kwa adabu nyuma ya lile la kwanza. Mzee akafunika uso kwa kofia, anacheka hadi mabega yanatikisika. Miaka yote ya kutuhadithia, hilo hakuwahi kulitaja.

Chalii akakuna shingo. Mwongo huzua sifa, hazui kosa, na hata yeye analijua hilo. Akaomba irudiwe. Tukairudia mara nne, na kila mara walinyamaza kulisubiri lile kosa. Mimi sikumwambia chalii neno, na kunyamaza kwangu ni kazi ya sulubu.

Jumatatu asubuhi alipita na abiria. Mbele ya baraza akapunguza mwendo, akapiga honi, akamwita mzee kwa lile jina la utani, lote, pamoja na nusu iliyoliwa. Mzee akaitika bila kuinua macho kutoka kwenye suruali yake, kama mtu ambaye hajawahi kuitwa vingine.