Daktari Niliyemtungia Maneno

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naogopa, kana kwamba jambo lenyewe halijatokea bado na litatokea kesho. Naona siku hizi unashika kipaza sauti kanisani na kwenye sherehe za watu, na wanakushangilia kweli kweli. Nimefurahi. Lakini nimeogopa pia, ndiyo maana nimekuita. Weka hiyo simu pembeni kidogo, unisikilize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Dodoma yalianza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, mitumba ikamwagwa hadi vichochoroni, na pale Chang'ombe Mama Nyemo akanunua runinga na deki ya video. Alijenga banda la matofali ya udongo, akaziba madirisha kwa magunia ili mwanga usiingie, akapanga mabenchi. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na wateja wetu wengine hata Kiswahili walijifunza ukubwani. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kukaa kando ya runinga na kipaza sauti, awaeleze watu kinachosemwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne nimemaliza, kazi sina, mdomo ninao. Mtaa mzima waliniita Kaka Tafsiri.

Nilipendwa, wee! Nikipita sokoni watoto waliniiga sauti. Mimi nikaamini kwamba watu walikuja bandani kunisikia mimi, na filamu ni kisingizio tu. Usicheke, mwanangu, na wewe nimekuona jinsi unavyotembea ukishashuka jukwaani.

Jumamosi hiyo mchana Mama Nyemo alikuwa ameletewa kanda mpya. Wateja walizoea filamu za ngumi, lakini hii ilikuwa ya mkimbiaji, kijana wa Kizungu, mtoto wa mchimba makaa, anayetaka kuchaguliwa timu ya nchi yake. Asubuhi nilikuwa nimeiangalia peke yangu, kwa hiyo nilijua yote yanayokuja. Katikati ya filamu mguu unamuuma, anakwenda kwa daktari, na daktari anamwambia mfupa umeingia ufa: akikimbia utavunjika, akae msimu mzima. Na anakaa! Muda mrefu kabisa unamwona mtu amekaa dirishani anawatazama wenzake wakipita. Halafu mwaka unaofuata anarudi, anakimbia, anakuwa wa tatu, na baba yake analia kwa furaha.

Kabla hata hatujafika kwa daktari watu walishaanza kunung'unika. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kaka Tafsiri, hii ni filamu au mahubiri?" Banda zima likacheka. Mama Nyemo akanitolea macho kutoka mlangoni, na mimi nikajua ananiambia nini, maana kila siku alinikumbusha kwamba watu wakisinzia leo, kesho hawarudi. Nilifikiria lile dirisha linalokuja, na yule kijana aliyekaa tu, nikaona nitazomewa.

Daktari akafungua kinywa, na mimi nikafungua changu. "Kijana, mguu wako hauna kitu! Hayo maumivu ni woga umejificha mguuni, na woga unatolewa kwa mbio. Inuka ukimbie!"

Banda likalipuka. Nikaipeleka kanda mbele haraka haraka, nikawaambia hapo katikati imekwaruzika, nikaiachia kwenye mashindano ya mwisho. Sijawahi kuona watu namna ile. Wanaume walisimama juu ya mabenchi. Mama mmoja alipiga vigelegele hadi mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka akaanza kulia. Wale wawili waliomtangulia shujaa wetu nikasema wako nyuma raundi nzima, na watu wakaniamini na macho yao wenyewe yakiona.

Walipotoka, msichana mmoja alibaki kwenye benchi. Alikuwa Sechelela, binti wa Mzee Ndahani, umri wake kama miaka kumi na tisa. Nilimfahamu kwa kumwona akikimbia alfajiri kwenye njia ya Makutupora, ambako msimu wa zabibu alikuwa kibarua wa kuvuna. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Kaka," akaniuliza, "yule daktari amesema hivyo kweli?"

"Neno kwa neno," nikamjibu, kichwa kimenivimba.

Akatabasamu, akautazama mguu wake wa kushoto, akaondoka. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini aliutazama.

Ijumaa iliyofuata, alasiri, Mzee Ndahani akaja bandani. Alikuwa karani wa shirika moja la umma kwa miaka mingi, mpaka shirika likafungwa akarudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Binti yangu ananisimulia habari za daktari mmoja anayekaa humu kwenye deki yenu. Nataka kumwona."

Nikamwekea kanda. Kidole kikiwa kwenye kitufe nikakumbuka ghafla kwamba karani wa zamani kama yeye Kiingereza anakijua kuliko mimi. Akatazama mpaka daktari akamaliza kusema. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Kijana, una leseni ya udaktari?"

"Sina, mzee."

"Binti yangu hospitali wamemwambia maneno hayo hayo ya huyu Mzungu. Mfupa una ufa, asikimbie mpaka zabibu ziishe kuvunwa. Alikubali kwa shida, kwa sababu kesho wanachagua wakimbiaji wa mkoa, na wasichana wanaochaguliwa wanachukuliwa na timu za majeshi, wanapata ajira. Na nyumbani kwangu sasa hivi hakuna mwenye ajira. Alikuwa amekubali, unanielewa? Akaja hapa kwako. Jumapili akaanza kukimbia. Nikimkataza ananiambia ni woga."

"Mzee, nitamwomba radhi..."

"Ameshaondoka, yuko Chamwino kwa shangazi yake. Mbio zinaanzia huko asubuhi. Magari ya leo yameisha. Kesho alfajiri utakwenda na mimi, umwambie kwa mdomo huo huo."

Hakuniinulia sauti hata mara moja. Laiti angenipiga kofi, ningepumua.

Alfajiri tukapanda gari la mizigo. Kila kijiji dereva alisimama kupakia magunia ya karanga, anapiga soga, anatafuta chenji, na mimi naangalia jua linavyopanda. Nilikuwa narudia kimoyomoyo sentensi moja tu: Nilidanganya, daktari alisema akae. Mzee Ndahani alishika kofia yake magotini njia nzima.

Tulipofika wasichana walikuwa wameshapangwa barabarani. Nikawapenya watu, nikamshika Sechelela mkono. Alikuwa ameufunga mguu kitambaa chini ya goti.

"Sechelela, nilidanganya. Daktari alisema akae. Alikaa msimu mzima, ile sehemu niliiruka!"

Akanitazama, akamtazama baba yake nyuma yangu. "Baba ndiye aliyekuleta."

"Ndiyo, lakini nasema kweli."

"Nilikuuliza," akasema taratibu. "Nilibaki nikakuuliza peke yangu. Ukaniambia neno kwa neno."

Mzee akamwita kwa jina, mara mbili. Filimbi ikapulizwa.

Tukawafuata kwa gari lile lile. Nakueleza ukweli wangu wote, mwanangu, hata unaonifedhehesha: alipoanza kuongoza, na watu wa kando ya barabara wakamshangilia, nilianza kumwomba Mungu uongo wangu ugeuke kweli. Nilihesabu nguzo za simu. Kila aliyoipita nilisema moyoni, moja tena, moja tena, ee Mungu, moja tena. Nikaanza hata kutabasamu. Ndipo mguu wa kushoto ulipogusa lami ukapinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikaa chini katikati ya barabara, ameushika kwa mikono miwili, akitazama wenzake wanavyompita. Mzee Ndahani aliruka kabla gari halijasimama, akavua koti lake akamwekea chini ya kichwa.

Mfupa uliunga baada ya miezi, lakini ukaunga vibaya. Hakukimbia tena maishani mwake.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Mama Nyemo turudie ile filamu, nikaitafsiri yote kama ilivyo, dirisha na kukaa na kuwa wa tatu. Watu wakanizomea. "Turudishie daktari wetu!" walipiga kelele, wakanirushia maganda ya karanga, na nusu yao wakatoka nje. Nikaendelea na waliobaki mpaka mwisho.

Zabibu zilipokwisha kuvunwa, mchana mmoja banda likiwa tupu, Sechelela akaingia na magongo yake mawili. Akakaa benchi la mbele. "Niwekee," akasema, "na usiipeleke mbele."

Nikamtafsiria kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti. Tulipofika pale dirishani aliegemeza kidevu kwenye magongo, akatazama bila kupepesa mpaka msimu wa yule kijana ukaisha.

"Kumbe alikaa," akasema. "Ningemwona mtu amekaa hivi, Kaka, na mimi ningekaa."

Mwezi ule ule niliacha kipaza sauti, nikaenda kujifunza useremala.

Sasa sikiliza ninachokuusia. Siku ukiona watu wanasinzia mbele yako, waache wasinzie. Wakikuzomea, vumilia. Usiwape maneno matamu ili tu wakupende, kwa sababu hujui nani kati yao amekaa kwenye benchi na mfupa wenye ufa, anasubiri umruhusu akimbie. Makofi yataisha wakiwa bado mlangoni, lakini yale uliyowaambia watakwenda nayo nyumbani. Na mtu akibaki nyuma, akakuuliza taratibu kama ni kweli, acha kila kitu umjibu kweli, hata kama utaonekana mjinga. Mimi nilipewa nafasi hiyo mara moja, pale pale bandani, nikaitupa kwa kujisifu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie ulimi usioogopa kuzomewa, akulindie miguu ya wote wanaokusikiliza, na kila aliyetoka kukusikia afike kwao salama.