Salamu Ndani ya Rejista

Kwa miaka mitatu Anyesi alikuwa akiwapigia watu simu kuwauliza habari za migongo yao, na kwa miaka mitatu wengi walimjibu kwamba hawajambo. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja ya mjini Arusha, mama wa miaka hamsini na sita, Mwarusha wa upande wa magharibi mwa Meru aliyehamia Kijenge alipoolewa. Kila mgonjwa aliyepasuliwa uti wa mgongo aliandikwa katika rejista: amefanyiwa nini, na nani, amelala wodini siku ngapi, kidonda kimepona vizuri au kimetunga usaha. Kisha, baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka, Anyesi alimtafuta kwa simu. Maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi? Anatembea? Amerudi kwenye kazi zake?

Watu hudhani daktari akishashona kidonda, kazi imekwisha. Haijaisha. Mgongo hutoa majibu yake polepole, huko nyumbani ambako daktari hayupo, na asiyefuata majibu hayo atarudia kosa lile lile kwa mkono ule ule hadi astaafu. Rejista iliwekwa kwa ajili hiyo.

Mwaka huo waliotimiza miezi kumi na miwili tangu wapasuliwe walikuwa sitini na wanne. Hamsini na tisa kati yao waliandikwa kuwa wamepata nafuu kubwa. Ijumaa taarifa ilitakiwa kwenda kwenye hospitali nyingine zilizoshirikiana katika rejista ile, wapate kulinganisha. Mwisho wa taarifa palikuwa na nafasi ya sahihi mbili: ya Daktari Najim, mpasuaji mwenyewe, na ya aliyekusanya majibu, yaani Anyesi.

Jumatatu mama mmoja kutoka Kikwe alisimama mlangoni pa ofisi yake akiwa na kikaratasi cha zamani cha dawa. Alijitambulisha kuwa ni Mama Godbless, mke wa Mzee Nathanaeli, yule aliyeanguka kutoka kwenye mti wa mgrivea akipogoa matawi.

"Dawa zake za maumivu zimekwisha," alisema. "Nimeambiwa nianzie kwako."

Anyesi alifungua kompyuta. Alimkumbuka mzee; walizungumza wiki tatu tu zilizopita, akacheka vizuri kwenye simu. "Hapa ameniambia maumivu ni sifuri, mama. Dawa za nini tena?"

Mama Godbless alimtazama kama anayetazama mtu aliyepotea njia mchana. "Huyo mzee hajasimama tangu Pasaka."

Kesho yake Anyesi aliomba ruhusa akaenda Kikwe, maana kuna mambo ambayo mtu hayaamini mpaka ayaone. Alimkuta Mzee Nathanaeli amelala ubavu kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, shati limefungwa vifungo vyote kwa ajili ya mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Habari za mjini?"

"Nzuri. Habari za mgongo?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Mkewe, aliyekuwa akimwekea mgeni kigoda, aliguna. Anyesi aliketi. Nje maji ya mfereji yalisikika yakipita pembeni mwa migomba.

"Baba," alisema baadaye, "zamu yenu ya maji ikifika, nani anakwenda kufungulia mfereji?"

Mzee alitazama dirishani. "Mama Godbless."

"Na Jumapili? Wewe si mzee wa kanisa?"

"Wananiletea sakramenti hapa."

"Mbona uliniambia sifuri?"

"Sasa wewe ulitaka nisemeje?" Sauti yake haikuwa na hasira. "Mtu amenipigia kutoka mjini, amenisalimia kwa heshima, ameniuliza habari. Nimjibu kwamba najisaidia kwenye beseni? Na yule daktari alinihangaikia saa sita nzima. Nimseme vibaya kwa mtu wake?"

"Huyu hata akifa," alisema Mama Godbless, "atawaambia waombolezaji hajambo."

Mzee alicheka, kisha akashika ukingo wa kitanda mpaka maumivu yalipopita.

Anyesi alirudi mjini akiwa amechoka kwa uchovu usioondolewa na usingizi. Hakuwa amedanganya mtu. Lakini kila simu aliianza kwa shikamoo na habari, kama alivyolelewa, na katikati ya habari zile akatia swali la maumivu. Na wao, kama walivyolelewa, wakamjibu nzuri. Tumefundishwa kutomtwisha anayetujulia hali mizigo yetu, nayo ni adabu njema mlangoni na njiani. Ndani ya rejista adabu hiyo hugeuka ushahidi wa uongo, na anayeuandika huku akijua ana hatia kuliko anayeutamka.

Jumatano asubuhi alimweleza Daktari Najim. Daktari alikuwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji kichwani, macho mekundu.

"Mzee Nathanaeli aje Jumanne, tumpige eksirei," alisema. "Huenda skrubu nilizomwekea mgongoni zimelegea. Lakini huyo ni mmoja, Mama Anyesi. Mtu mmoja habadilishi taarifa."

"Nimewauliza wote namna ile ile, daktari."

"Na hospitali nyingine wanawauliza wagonjwa wao namna hiyo hiyo. Sisi tukiuliza kwa kuchimba na wao wakiuliza kwa salamu, nani ataonekana mbaya?"

"Sisi."

"Basi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu mwema akichoka huanza kuukubali ukweli ulio karibu na mkono wake.

Anyesi alirudi mezani akaanza upya, namba baada ya namba. Safari hii alisalimia, akamaliza salamu, halafu akasema waziwazi: "Sasa salamu zimekwisha. Naandika, na daktari hatakasirika." Wafugaji aliwauliza nani anapeleka ng'ombe kwenye josho. Bibi Arafa wa Engutoto aliulizwa kama anasali amesimama au kwenye kiti.

"Kwenye kiti, mwanangu," alijibu bibi. "Tena kusujudu nimesahau kulivyo. Lakini sijambo."

Nesi Maulida wa kliniki, aliyekuwa akipita na mafaili, alisimama kusikiliza. "Mama Rejista, leo unahoji kama polisi wa upelelezi."

"Polisi hukaa wawili wawili. Vuta kiti, chukua simu hiyo nyingine."

"Mimi? Nina bendeji za kukunja."

"Hazina miguu, hazitakimbia."

Maulida alivuta kiti. Alipiga simu sita, kisha akaacha utani. Sankale, mchungaji wa ng'ombe, kijana wa miaka thelathini aliyeandikwa amerudi kazini, alikuwa amerudi kweli, ila amefungwa mkanda mpana wa kukaza kiuno, na mkewe ndiye anayetembea na mifugo. Mwingine alijibu vizuri kabisa: anachota maji, analima, amejenga na banda. Wapo waliopona, na wengi. Anyesi aliwaandika hao kwa uangalifu ule ule.

Hadi Alhamisi alasiri walikuwa wamewapata watu thelathini na mmoja, Mzee Nathanaeli akiwa wa kwanza. Kumi na mmoja majibu yao yalikuwa yamegeuka. Anyesi aliichapa orodha akaipeleka kwa Daktari Najim.

Daktari aliisoma amesimama. Alipofika jina la tisa alikaa. "Huyu alikuja kunishukuru. Aliniletea kuku."

"Nilimwuliza habari ya kuku pia. Anasema ilikuwa shukrani kwa kumlaza wodini vizuri."

Daktari hakucheka. Alihesabu kwa kidole. "Saba kati ya hawa nimewawekea skrubu za aina moja. Saba." Akaweka karatasi chini. "Unajua kesho taarifa hii ikienda hivi, tutakuwa wa mwisho."

"Najua. Ikienda ile ya zamani, sitatia sahihi yangu."

"Umebakiza miaka minne ustaafu, mama. Kwa nini usipumzike?"

"Nataka sana kupumzika, daktari."

Mlangoni mtu aliita kwamba mgonjwa yuko tayari mezani. Daktari Najim alisimama, akachukua kalamu, akaandika juu ya orodha: upasuaji wa skrubu hizi usimame mpaka kumi na mmoja hawa wapimwe. "Waandikie wale wa hospitali nyingine," alisema, "kwamba taarifa yetu itachelewa. Na uwaeleze ulivyouliza. Neno kwa neno." Kisha akatoka bila kumtazama.

Anyesi aliandika barua ile kwa ukurasa mmoja na nusu, akaisoma mara mbili, akaituma. Walibaki watu thelathini na watatu. Miguu ilikuwa imemvimba. Alivua viatu chini ya meza, akavuta simu, akapiga namba ya kwanza. Haikupokelewa. Akapiga tena.