Msindikizaji wa Mgonjwa

Kliniki ilikuwa na masharti mengi, lakini lililonihusu mimi lilikuwa moja: mgonjwa asiondoke peke yake. Dawa ile humwacha mtu hajui vizuri sakafu iko wapi, kwa hiyo lazima awe na wa kumleta, wa kumngoja na wa kumrudisha nyumbani. Mume wangu hana ndugu Durban, na marafiki aliokuwa nao walishamchoka. Msindikizaji nikawa mimi.

Na mimi nilikuwa nimemchoka, nisijitie utakatifu. Watu wa kufukuza wageni walipovamia duka letu pale Cato Manor tulikuwemo wote wawili. Wengine walisukuma mlango, mmoja akatupa chupa ya petroli iliyowashwa kupitia kidirisha cha kuuzia. Mume wangu aliukaza mlango kwa mgongo. Mimi nilichovya blanketi kwenye ndoo ya maji nikaufunika moto, nikachovya tena, nikafunika tena, mpaka majirani wakaja kuwafukuza. Tukahamia chumba cha uani huko Queensburgh, lakini mume wangu hakuwahi kubanduka pale mlangoni. Kila usiku aliweka kiti cha plastiki, akaegemeza mgongo kwenye mlango, akasinzia hapo hapo. Choo kiko nje, na mimi nikitaka kwenda nilikuwa naomba ruhusa kama mfungwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini kwetu unyasi wenyewe ulikuwa ni mimi ninapojigeuza kitandani.

Daktari wa hospitali ya serikali alisema ni maradhi yanayobaki mtu akishapatwa na kitisho kikubwa. Vidonge viliposhindwa, akatupeleka kwa mwenzake mwenye kliniki, aliyekuwa akipokea wachache wasio na uwezo. Dawa yenyewe ni ketamini, ile ile ya kumlaza mtu wakati wa operesheni, ila kidogo, na inaingia polepole kwa dripu. Mgonjwa huja hajala kitu.

"Leo tumefunga bila daku," mume wangu alinitania asubuhi ya kwanza.

Sikucheka. Nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu kiwandani Jacobs, ninakoshona ovaroli, na msimamizi alikuwa ameshaninunia.

Nesi alikuwa Mkongomani, mama wa makamo asiye na haraka. Alimfunga mume wangu kipimo cha presha, akamziba macho kwa kitambaa, akapunguza taa.

"Maman, usiogope," aliniambia. "Papa hatakufa. Iko anaenda mbali kidogo, atarudi." Kisha akaniangalia mimi. "Na weye? Unalalaka?"

"Mimi sina tatizo," nikamjibu. "Mimi nimesindikiza tu."

Siku ile mume wangu alitapika kwenye mfuko njia nzima, karibu kila tuliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, dereva wa teksi akituangalia kwa kioo. Usiku akarudi kwenye kiti chake. Mara ya pili mambo yakawa yale yale, na ya tatu nikawa nachukia hata harufu ya spiriti. Nilikuwa namfikisha nyumbani, namkalisha, napika, najaza ndoo yangu ya maji na kuiweka pembeni mwa jiko, maana maji ya huku hukatika bila hodi. Kisha najitupa kitandani na nguo za kazini. Nilimwomba Mungu amponye, na nikaona aibu, kwa sababu moyoni nilikuwa najiombea mimi usingizi.

Mara ya nne, ndani ya teksi, hakutapika. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Leo niliuona ule mlango. Watu walikuwa wanausukuma, lakini ulikuwa mbali, kama mlango wa jirani."

Nikamwambia, "Vizuri." Sikuwa na nguvu za kusema zaidi ya hapo.

Siku ya dripu ya mwisho tulifika nyumbani mchana. Akavua viatu, akapanda kitandani, akalala chali mdomo wazi, na mlango haujafungwa hata kwa komeo. Jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni pake. Nilisimama pale na mkoba begani nikimtazama, na nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikajilaza kando yake. Nilingoja usingizi mpaka kukachwa, mpaka kukapambazuka, na haukuja.

Asubuhi aliamka na nguvu za bwana harusi. Akatoa kile kiti nje akaanza kukisugua kwa sabuni, akiimba. Akarudi ndani, akachukua ndoo yangu, akaenda kuimwaga yote juu ya kiti kukisuuza.

Sijui nilipiga kelele ya namna gani. Mbwa wa mwenye nyumba walianza kubweka. Nilijikuta nimemng'ang'ania mkono, nasema jaza, jaza sasa hivi, tutaungua.

Alinitazama, akaitazama ndoo, akanitazama tena.

"Nyumba hii ina tanki," alisema polepole. "Maji hayajawahi kutukatikia hata siku moja."

Nilikuwa najua. Nilikuwa naliona tanki lile kila nilipokwenda chooni.

Alikwenda bombani akaijaza ndoo mpaka ikafurika, akairudisha pale pale pembeni mwa jiko. Akaingiza kiti kikiwa bado kinachuruzika, akanikalisha, yeye akachuchumaa mbele yangu.

"Mke wangu," alisema, "na wewe ulikuwemo mle dukani."

Nikalia mpaka zamu ikanipita. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, hata mimi mwenyewe.