Yowe Halirudi Mdomoni

Siku ile naikumbuka kwa sauti ya ndama, mwanangu. Wengine huikumbuka kwa jua lake, maana lilikuwa kali, lakini mimi nikifumba macho nasikia ndama waliofungiwa nyumbani wakiwaita mama zao, na mama zao hawaji.

Utasema sijazeeka kiasi cha kumkalisha mtu chini nimpe nasaha. Ni kweli, mvi zangu bado zinahesabika, na miguu yangu haijakubali kutulia. Nimesimamia duka la mtu Mwandoya, nimevuta nyavu Nassa, nimepalilia pamba kwenye mashamba yasiyo yangu. Lakini jana niliwasikia vijana pale kwenye mashine ya kusaga mkisema kesho mnakwenda mpakani mwa hifadhi, na kwamba safari hii hamtanyamaza. Tangu nilipolisikia neno hilo ugali haunipiti vizuri. Kwa hiyo kaa kidogo.

Ilikuwa wakati wa Ujamaa, baada ya ile operesheni ya kuhamia vijijini. Tulikuwa tumetolewa kwenye makazi yetu ya zamani, ambako kila ukoo ulikuwa na lambo lake, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara mashariki ya Bariadi. Ukisimama juu ya jiwe ulikuwa unaiona mbuga ya taifa inaanzia wapi. Kati yetu na mbuga kulikuwa na mto wa mchanga. Masika ulifurika mpaka ukabeba magogo; kiangazi ulikauka juu, maji yakajificha chini. Tulichimba visima humohumo mchangani, tukateka kwa kibuyu na kumimina kwenye hori la udongo ng'ombe wanywe. Jioni kila nyumba iliziba kisima chake kwa matawi ya miiba.

Sasa, serikali ilisema mbuga inaanzia mtoni, na hakuna aliyebisha. Lakini mtoni wapi? Wakubwa wa mbuga walisema ni ukingo wa kwetu. Sisi tulisema ni ukingo wa kwao. Na maji, mwanangu, yalikuwa katikati ya kingo hizo mbili.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, nikawa ninamchungia ng'ombe shangazi yangu Nkwimba, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane. Hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na wajukuu wadogo aliowalea baada ya mama yao kufariki, na kilichowalisha ni maziwa ya ng'ombe wale. Ukimwondolea shangazi ng'ombe, umewaondolea watoto wale chakula. Jambo hilo kila mtu kijijini alilijua, hata waliokuwa wakimcheka kwa kuwaita ng'ombe wake majina na kuwasalimia "mwangaluka" asubuhi kama watu wazima.

Siku hiyo alikuja mwenyewe mtoni kunisaidia kuteka. Mimi nilikuwa ndani ya kisima, nimezama hadi kifuani, nampandishia kibuyu, naye anamimina. Ng'ombe wachache waliokwisha kunywa walipanda ukingo wa pili kufuata nyasi. Ndipo askari wa mbuga wakatokea vichakani na bunduki zao, wakawazunguka, kisha wakashuka mchangani wakawazunguka na hawa wengine waliokuwa bado wananusa hori tupu.

"Mama, ng'ombe hawa wamekamatwa," alisema mkubwa wao. "Wako ndani ya hifadhi."

"Wako kwenye maji," shangazi akajibu.

"Maji yako ndani ya hifadhi."

"Na mimi niko wapi?"

"Na wewe pia. Shukuru sijakukamata."

Askari wakacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko maneno. Niliruka kutoka kisimani, matope mwili mzima, nikajaza hewa kifuani kupiga mwano.

Labda ninyi wa siku hizi mmeusahau uzito wa mwano. Ni yowe la hatari. Mwanamume akilisikia hana ruhusa ya kuuliza kuna nini. Anachukua mkuki au rungu au mshale, anakimbilia linakotoka, na huku anakimbia anawapokezea walio mbali. Asiyetoka atajibu mbele ya kijiji kizima, na jina lake limeharibika. Kwa muda mfupi tu mto ule ungejaa watu wenye silaha na hasira, na hata mmoja wao asingejua kama ni simba, mwizi au nini. Wangeona bunduki zimeelekezwa kwa mjane. Basi.

Sauti haikutoka. Kiganja cha shangazi kilinifunika mdomo, kina mchanga na maji, kikanibana mpaka meno yakaumiza midomo.

"Ng'ombe ni wangu," alininong'oneza. "Mdomo ni wako. Ufunge."

Nikajaribu kujitoa. Akaniambia jambo ambalo ukoo wetu ulikuwa haulisemi.

"Mume wangu alikufia kwenye mwano. Watu wawili waligombania zamu ya kisima, mmoja akapiga yowe. Mume wangu akatoka shambani mbio, akafika, akaona mikuki, akainua wake. Hakujua wanagombania nini. Mpaka anazikwa hakujua. Yule aliyepiga yowe alilia kuliko mimi, lakini yowe halirudi mdomoni."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimeandika methali hiyo shuleni nikapata alama nzuri. Siku hiyo ndiyo niliielewa, na niliielewa kwa kiganja.

Askari wakawaswaga ng'ombe kuelekea kituoni kwao. Shangazi akachukua kibuyu, akajifunga kanga vizuri, akawafuata.

"Unakwenda wapi, mama?" akaulizwa.

"Ng'ombe wangu hawaendi ugenini peke yao."

Nikamfuata na mimi. Njia ilikuwa ndefu na jua linachoma. Nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara, nikihofia kwamba kuna mtu mwingine ametuona akapiga mwano ule nilioumeza. Kila ndege aliyelia nilishtuka. Njiani ng'ombe mmoja jike, mweupe, aliyezaa karibuni, akaanza kuyumba. Hakuwa amepata zamu yake ya kunywa. Akapiga magoti, akalala. Shangazi akamsugua shingo, akamwita kwa jina, akajaribu kumnyanyua kwa mkia. Hakuinuka tena. Mkubwa wa askari alisimama akiangalia pembeni, na safari hiyo hakucheka.

Tulipofika kituoni jua lilikuwa linaelekea kushuka, viwele vimejaa, ng'ombe wanalia kwa maumivu. Shangazi hakuomba ruhusa. Alichuchumaa, akaanza kukamua. Kibuyu kilipojaa akawaambia askari walete sufuria zao.

"Unatuhonga maziwa, mama?" mmoja akauliza.

"Sikuhongi. Nisipokamua watapata ugonjwa wa kiwele. Ndama wenye maziwa haya wako nyumbani, na ninyi ndio mliowazuilia mama zao. Ukiona haya kuyanywa, yamwage."

Kijana mmoja askari, wa umri wangu tu, akaja kumshikia ng'ombe aliyekuwa mkorofi. Akaniambia polepole, wakubwa wake wasisikie, "Ulipotoka kisimani ukapanua kifua, mimi kidole changu kilikuwa tayari. Tunaujua mwano wenu. Tumeambiwa ukilia tusisubiri."

Alikuwa anatetemeka, mwanangu. Nilidhani siku ile aliyeogopa ni mimi peke yangu.

Kesho yake Bwana Nyama wa wilaya, yaani afisa wa wanyamapori, alikuja kwa Landrova, na mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano palepale mtoni. Watu walijaa ukingo wa kwetu, askari wakasimama ukingo wa pili, na visima vikawa katikati kama mahari isiyokubaliwa.

"Ndugu wananchi," Bwana Nyama akaanza, "sheria haina ubishi. Mpaka ni ukingo wa kwenu."

Mzee Limbu, ambaye hakuna mkutano uliomalizika bila yeye kusema, akainua fimbo. "Bwana Nyama, mto una kingo mbili kama kinywa kilivyo na midomo miwili. Ukichukua wa juu na wa chini, sisi tutatafunia nini?"

Watu wakacheka. Bwana Nyama naye akatabasamu kidogo, kisha akajizuia.

"Tulikuwa na malambo yetu huko tulikotoka," sauti ikatoka nyuma. "Mkatuambia hameni. Tumehama. Sasa mnasema tumesogea mno."

"Mimi sikuwahamisha. Mimi kazi yangu ni kuchunga wanyama."

"Nasi tunachunga ng'ombe," akasema Limbu. "Basi hapa hakuna mgeni wa kazi. Tuzungumze kama wachungaji."

Hapo Bwana Nyama akavua kofia. Akasema jambo ambalo wengi hawakulipenda. Alisema jioni wanyama huja kunywa kama walivyokunywa miaka yote, wanakuta miiba. Pundamilia wanasimama wanayanusa maji wasiyoyafikia. Tena wapo watu wanaoingia mbugani na mikuki wakijificha nyuma ya makundi ya ng'ombe. "Nikiwaachia mto, nitakuwa nimewaachia na hao. Mngekuwa mimi mngefanya nini?"

Kelele zikaanza. Vijana wakasogea mbele, mmoja ameshika jiwe kiganjani. Nikaiona midomo ya watu ikijiandaa, nikajua yowe linatafuta mwenye kulitoa.

Shangazi Nkwimba akashuka mchangani, akasimama kando ya kisima chake.

"La miiba ni kweli," alisema.

Ungesikia watu walivyomgunia. Mwanamke aliyechukuliwa ng'ombe, anamkubalia aliyemchukulia.

"Ni kweli," akarudia. "Baba yangu akichimba kisima, alichimba na kingine chini yake, kifupi, mdomo mpana, kisichozibwa. Kisima cha mgeni. Mpita njia anywe, mbwa anywe, swala anywe. Wazee mliopo mnakijua. Tangu tuletwe hapa nani amechimba cha mgeni? Tumetoka kila mahali, hatujuani, kila mtu ameziba chake. Hilo ni kosa letu, nalisema mimi." Kisha akamgeukia Bwana Nyama. "Na lako ni hili. Umesema mngekuwa mimi. Haya, uwe mimi. Ng'ombe wako juu ya mchanga, maji yako chini, mtoto yuko nyumbani. Mpaka wako unamnyima mtoto maji. Ng'ombe wangu mweupe amelala njiani huko. Nenda kamwangalie, ndipo unijibu."

 Mwisho Bwana Nyama alisema hana uwezo wa kuhamisha mpaka, na hakutudanganya kwamba anao. Lakini mpaka mvua zitakaponyesha, ng'ombe wanywe mchana, watoke kabla jua halijashuka, pasiwe na mkuki wala mbwa, visima visizibwe, na kila nyumba ichimbe kisima cha mgeni. Ng'ombe wa shangazi warudishwe. Kuhusu mpaka wenyewe, mwenyekiti na wazee waende wilayani, naye atakwenda nao. Alikwenda kweli. Majibu yalichelewa, na yalipokuja hayakuwa yote tuliyoyataka. Sikufichi. Kiangazi kilichofuata tulianza maneno upya, na wapo waliochoka wakahamia Meatu. Lakini palepale mchangani watu walianza kuchimba, na wa kwanza kuteremka kusaidia alikuwa yule askari kijana, kavua shati.

Jioni ile ng'ombe walirudi nyumbani na ndama wakanyamaza, isipokuwa mmoja. Ndama wa yule ng'ombe mweupe alisimama mlangoni mwa zizi akiita. Tulimlazimisha anyonye kwa ng'ombe mwingine, akapigwa teke, akarudi mlangoni. Alilia kesho yake na kesho kutwa. Mimi uchungu ulinipanda upya, nikamwambia shangazi, "Umewapa maziwa, umekubali makosa, na bado umepoteza ng'ombe. Si heri ningepiga mwano?"

Alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Sikiliza," alisema.

Nikasikiliza. Hapakuwa na kitu ila ndama.

"Anayelia ni ndama," akasema shangazi. "Ungepiga mwano, leo wangekuwa wanalia watoto. Wa kwetu, na wa yule kijana wa bunduki."

Basi mwanangu, sikuambii kesho unyamaze. Anayekuambia unyamaze hakupendi. Nenda, simama, sema maji ni uhai na mpaka uliochorwa bila kukuuliza unauma. Lakini nenda mchana, nenda na wazee, acha mkuki nyumbani. Kabla hujataja kosa la mwenzako, taja lako kwanza, hata wenzako wakikugunia. Mtu aliyekwisha kutaja lake hazibwi mdomo kirahisi. Mwangalie vizuri aliyeshika bunduki, huenda naye anatetemeka. Na yowe likikujaa kifuani, jiulize nani atakayekimbia kuliitikia asijue anafia nini. Ukikosa jibu, limeze. Litakuchoma, nami linanichoma mpaka leo, lakini kuungua kifua kuna dawa.

Nakuombea mchanga wako usikauke hadi chini. Ng'ombe wako warudi na jua likiwa bado liko juu, ndama wako wanyamaze wote, na kiganja kilichonifunika mimi mdomo kikufikie na wewe kabla ya neno. Nenda salama. Urudi unieleze, nitakuwa nimekaa hapahapa barabarani. Kesho sitasafiri.