Bastola ya Mpini Mweupe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Atieno, ambayo mama yako hapendi niisimulie mbele ya wageni. Leo ameenda kanisani na kina mama wenzake, kwa hiyo nitaisimulia yote. Picha zako tatu nimeziona kwenye simu. Nimezikuza kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha, nikavaa miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Unataka baba yako akuchagulie bastola yako ya kwanza, tena ya mtindo wa zamani, chuma kitupu na mpini wa mbao, ile ya nyundo inayoonekana kwa nyuma. Hapo umenifurahisha. Hizi za plastiki za siku hizi mimi naziona kama za kunyunyizia watoto maji. Lakini kukuchagulia, hapana. Nitakuambia nilivyochagua yangu, halafu utachagua mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nanunua dhahabu kwa wachimbaji wa Migori na kuileta kwa masonara hapa Kisumu, kazi hii hii uliyoirithi. Njiani tulikuwa tunaviziwa. Niliomba leseni, nikahojiwa, nikachunguzwa mpaka mwalimu wangu wa darasa la nne akaulizwa kama nilikuwa mgomvi, na mwisho nikaruhusiwa kumiliki bastola moja. Nikapanda basi hadi Nairobi, kwenye duka la silaha lenye kibali.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mpole. Akaniwekea mbili juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa ya kadiri, nyeusi iliyofifia, mpini wa mbao uliolainishwa na mikono ya watu wengine. Ya pili, we! Kubwa, inang'aa kama sahani ya harusi, imechorwa maua ubavuni, na mpini wake ni wa mfupa mweupe. Zote mbili za mtindo wa zamani, zote zinajipakia zenyewe kila ukifyatua. Mama yule akasema, "Zishike kwanza, baba. Zote mbili." Mimi nikashika moja tu. Ile nyeusi sikuigusa hata kwa kidole, maana niliona itanizeesha.

Akanipa na ala nzuri ya ngozi, ya kuichomekea kiunoni. Nilipoivaa nikaona inafunika ule mpini mweupe wote, sasa faida iko wapi? Nikaitupa kabatini. Bastola nikawa naichomeka tu kwenye mkanda, koti likiwa wazi, na unatujua sisi watu wa ziwani, tukipata kitu kizuri lazima majirani wajue kabla ya jioni. Nilikuwa naingia benki nikitembea upande upande.

Basi, Jumamosi yenyewe. Ilikuwa siku ya ayie, ile ziara ya kwanza ya kwenda kwa kina mama yako kumwomba mama mkwe akubali. Walikaa ndani kidogo kutoka Katito. Nilimtaka mama yako kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nilijua siku ile ikiharibika, nimemkosa. Pamoja na hayo yote, mwanangu, nilisimama mbele ya kioo nikaichomeka ile bastola kiunoni, tena ikiwa na risasi ndani. Nilitaka mashemeji waone kwamba dada yao anaolewa na mtu.

Tulikaribishwa vizuri. Baba yangu mdogo, msemaji wangu, aliongea maneno matamu mpaka mimi mwenyewe nikajipenda. Koti nililiacha wazi. Niliwaona mashemeji wakiangalia mpini, wakiangaliana, nami nikapanua kifua. Upande wao alikaa Mzee Oloo, kaka mkubwa wa baba mkwe, mtu mkimya aliyekuwa fundi wa silaha jeshini miaka mingi. Yeye hakuangalia mpini. Alikuwa anaangalia mkanda wangu, jinsi ulivyoinama upande mmoja.

Chakula kikaletwa. Bibi yako akatokea mlangoni kutusalimu kwa mbali, kama ilivyo heshima kati ya mama mkwe na mkwe. Wakati huo huo msichana mmoja akaja na birika na beseni ya kunawa mikono. Nami, kuonyesha adabu zangu zote, nikainama chini kabisa, mikono miwili mbele.

Ikachomoka. Ilipiga ukingo wa beseni, beseni ikapinduka, maji yakaruka mpaka miguuni pa bibi yako, na bastola ikateleza juu ya sakafu ya saruji, ikasimama. Mdomo wake ulikuwa unamwelekea yeye.

Mzee Oloo aliinuka, akaiokota, akaigeuza ikaelekea ukuta usio na mtu. Akatoa magazini ya risasi, akavuta chuma cha juu nyuma, na risasi iliyokuwa imelala ndani tayari ikaruka nje ikabingirika chini ya meza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu.

"Bwana," akaniambia polepole sana, "hii ulinunua ya kulinda dhahabu, ama ni ya kuvaa na tai?"

Nikaanza kufunga vifungo vya koti.

"Hizi za zamani, nyingine ikianguka inalia yenyewe. Kama ingelia, saa hii hatuongei mambo ya harusi. Tunatafuta gari la kumpeleka shemeji yangu hospitali." Akaiweka mezani, ikiwa tupu, magazini kando. "Sisi hatukukatai. Lakini msichana wetu haendi kwa nyumba yenye hiyo kitu. Ukijifunza kuchagua, rudi."

Tuliondoka bila kula. Unaelewa hilo, mwanangu, kutoka kwa wakwe bila kula? Baba yangu mdogo hakunisemesha mpaka Kisumu, na tulipofika akasema neno moja tu, ambalo sitaliandika. Mama yako naye alilia siku mbili, na siku ya tatu akanitumia ujumbe kupitia rafiki yake: nenda kwa Mzee Oloo, uache kiburi.

Nilikwenda. Mzee alikuwa amejenga Kisian, na wakati huo alikuwa akifundisha watu wenye leseni kwenye uwanja wa shabaha. Nilidhani atanifokea. Akanipa chai. Halafu akaniambia niitoe risasi bastola yangu, aihakikishe yeye, niihakikishe mimi, kisha nisimame nikitazama shabaha. "Funga macho. Inua mkono. Sasa fungua." Nilipofungua, bastola yangu ilikuwa inalenga mawingu. Akanipa yake, kuukuu, mpini wa mbao. Funga, inua, fungua. Ilikuwa imetulia katikati ya karatasi, na sikuwa nimefanya lolote.

"Mkono wako umeongea," akasema. "Wewe ulisikiliza macho."

Tukaendelea. Kizuizi cha usalama cha ile yangu, kidole gumba hakikukifikia mpaka nilegeze mkono wote. Nilipofyatua, nyundo ilirudi ikanitafuna nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada. Hili kovu unaloniuliza tangu utotoni, ambalo nilikuambia ni la ndoana ya samaki, sasa unajua. Risasi zake zilikuwa za kipimo kikubwa, Kisumu nzima hazipatikani, na fundi wa kuitengeneza hakuwepo. Kila kitu ambacho ningekigundua kwa nusu saa kabla ya kununua, nilikigundua baada ya kumtia mama mkwe maji miguuni.

Nilikwenda kila Jumamosi miezi minne. Nikairudisha bastola yangu Nairobi na karatasi zake zote, na kumbe ile nyeusi ilikuwa bado ipo. Yule mama alitandika kitambaa tu, akaiweka. Safari hii nilifumba macho kabla ya kuinyanyua.

Kisha tukarudi Katito. Mzee Oloo alikaa mkabala nami. Muda wote wa kula, na safari hii tulikula, macho yake yalikuwa kiunoni kwangu, kwenye koti nililofunga vifungo. Aliangalia mkanda, akaangalia nilivyokaa, akaangalia nilivyonawa. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Haya, bwana. Umenishinda. Umeificha wapi?"

"Iko kwenye sefu nyumbani, Mzee. Leo nimekuja kuomba mke tu."

Mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Kule jikoni nikamsikia bibi yako naye akicheka, na nikajua nimeoa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Ile picha ya tatu, ya maua ubavuni, nimeitambua kabla haijafunguka vizuri. Ni dada yake ile yangu ya kwanza. Iache. Usinunue bastola kwa picha hata ungekuwa unaipenda vipi. Nenda uwanjani, omba ujaribu nne au tano za mtindo huo unaoutaka, na mikono yako ni midogo kama ya mama yako, kwa hiyo usione aibu kuchukua yenye mpini mwembamba. Fumba macho uinue. Kama kidole gumba hakifiki kwenye usalama, irudishe. Kama nyundo inakuuma, irudishe. Uliza risasi zake utazipata wapi na nani ataitengeneza ikikwama. Nunua ala inayofunika kifyatulio na kuishika barabara, kabla hujaitoa bastola dukani. Iliyotumika isikutishe, mradi fundi ameikagua. Na ukishaipata, chagua tena kila asubuhi, maana kuna siku za kuibeba na kuna siku za kuiacha kwenye sefu, na hizo za kuiacha, ukiwa na bahati, ndizo zitakuwa nyingi. Nimeishi na ile nyeusi miaka yote hii na nina furaha nayo, sina ninachojutia ila kile chakula cha Katito kilichopoa bila kuliwa.

Mungu akutulizie mkono, Atieno wangu. Akufungulie njia ya Migori kwenda na kurudi, akupe watu wa kukuambia ukweli ukiwa bado kijana. Yangu imezeeka bila kuwahi kumwelekea mtu, ukiacha mara ile moja ambapo ile ya mpini mweupe ilimwelekea bibi yako. Na yako izeeke hivyo, bila hata hiyo mara moja.